Ua Lililohamishwa Jana

Enzi zetu pale Akheri, hakuna aliyenunua chungu cha maua. Ua liliishi katika chochote kilichokwisha kazi: kopo la mafuta ya kupikia, ndoo ya rangi iliyokatika mshikio, sufuria lililotoboka, hata buti moja la baba lililobaki baada ya mwenzake kusombwa na mto. Mama aliyapanga yote ukutani mwa baraza, makubwa nyuma, madogo mbele, kama kwaya ya kanisani ikipigwa picha.

Siku ya kuhamisha maua ilikuwa Jumamosi, masika yakishakolea. Mama alichanganya udongo mweusi wa migombani, samadi kavu na mchanga wa mtoni. Mimi nilitoboa makopo kwa msumari na jiwe. Dada yangu Anandumi, mkubwa kwangu kwa miaka kumi, ndiye pekee aliyeruhusiwa kuutoa mmea. Aligeuza kopo kichwa chini, akaziba mdomo kwa kiganja, akagonga kitako mara tatu, na mmea ukamjia mkononi mzima, mizizi imejiviringa kama nywele zilizosukwa.

"Usivute shingo," mama alisema kila mara, ingawa Anandumi hakuwahi kuvuta shingo. Jioni kucha zetu zilikuwa nyeusi, na tulikula ndizi na maharage mikono ikinuka samadi licha ya sabuni yote. Hakuna aliyeugua.

Kulikuwa na sheria moja. Ua lililohamishwa lilikaa nyuma ya jiko, kivulini, wiki nzima bila kusogezwa. "Limefiwa na nyumba yake," mama alisema. "Liacheni limalize matanga."

Na kila binti wa nyumba alikuwa na ua lake. Siku ya kuolewa angeondoka nalo, limefunikwa kitenge, likibebwa na shangazi. Langu lilikuwa aina ile yenye majani yanayonukia ukiyasugua. La Anandumi lilikuwa waridi jekundu.

Lakini Anandumi hakuolewa kwa kubebewa ua. Aliondoka na kijana mchimbaji madini wa Mererani, bila posa wala kuaga. Baba alikuwa mzee wa kanisa. Alisema jina lile lisitajwe tena mezani, na halikutajwa. Mama hakubishana. Masika yalipofika alilihamisha waridi yeye mwenyewe, kutoka kwenye kopo hadi kwenye ndoo, akalipeleka nyuma ya jiko.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Wote walikwenda kanisani isipokuwa mimi, nikiugua tetekuwanga. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikijikuna nilipomwona Anandumi akiingia na kikapu kitupu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Uso gani huo? Umedonolewa na kuku?"

"Tetekuwanga."

"Usijikune, utabaki na mashimo, nani atakuoa?" Alichungulia ndani. "Baba yuko kanisani?"

"Wote wako kanisani."

"Basi nipe ua langu niondoke. Gari linanisubiri Tengeru."

Nilikuwa na miaka tisa, na nilijua jambo moja kwa uhakika. "Haliwezi kuondoka," nikamwambia. "Limehamishwa jana. Mama amesema lisisogezwe mpaka Jumamosi. Ukilibeba litakufa."

Alizunguka nyuma ya jiko, akainama, akachovya kidole kwenye udongo kuona kama una maji ya kutosha. Nilidhani atabisha, kwa kuwa ndiye aliyenifundisha kazi ile. Alisimama akicheka. "Haya bwana shamba, umenishinda. Nitarudi Jumamosi."

Akaondoka na kikapu chake kitupu.

Mama aliporudi nilimweleza yote, nikitarajia kusifiwa. Aliuliza swali moja tu: "Amenenepa au amekonda?"

"Amekonda."

Jumamosi mama aliibeba ndoo mwenyewe hadi kwenye uzio wa miti, kando ya njia, akakaa kando yake akichambua maharage mpaka giza likaingia. Jumamosi iliyofuata akakaa tena. Anandumi hakuja.

Miaka ikapita. Baba alipolipita waridi alikuwa akisema, "Mti huo unateseka humo. Uweke ardhini." Mama alijibu, "Ukishika ardhi hautasafiri tena." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote juu ya Anandumi.

Nilikuwa kidato cha pili habari zilipofika. Alikuwa amefariki kwa homa kwenye machimbo ya mbali, na walishamzika hukohuko. Kwetu mtu hurudishwa nyumbani, hata kama ukoo utauza ng'ombe, alale migombani kwa watu wake. Sisi hatukuwa na wa kumrudisha. Asubuhi baba alichukua jembe, akachimba shimo kando ya kaburi la bibi. Mama aligeuza ndoo, akagonga kitako. Mmea haukutoka, maana mizizi ilikuwa imepenya kwenye matundu na kujibana huko. Baba aliipasua ndoo kwa panga. Walipokwisha kufukia, baba alisema, "Anandumi."

Hawakunilaumu hata siku moja. Pengine ingekuwa nafuu kama wangenilaumu.

Sasa naishi mjini, mtaa wa Kwa Mrombo, na maua nayaona kila mahali. Udongo unauzwa kwenye mifuko, na vijana wananunua, hapa, chini ya Mlima Meru! Wana simu za kuwakumbusha kumwagilia maji, na ua hupigwa picha kabla ya kunyweshwa. Sisi tuliochimba kwa kucha tunatazama tu na kutabasamu.

Mwezi uliopita binti yangu, anayesoma Dodoma, alihamisha waridi asubuhi kutoka kwenye mfuko hadi kwenye chungu cha plastiki. Kabla ya adhuhuri alikuwa amelipakata, tayari kwa safari ya basi.

"Liache wiki moja," nilimwambia. "Utalichukua ukirudi."

"Mama nawe! Nikifika nitalinywesha maji. Maua ya siku hizi hayana mambo mengi."

Nikamsaidia kubeba begi hadi kituoni.

Juzi alinitumia picha ya waridi lake. Lina majani mapya, yale mekundu madogo yanayotangulia. Nimeifungua picha hiyo mara nyingi, hata alipokuwa akinipigia kuuliza kama nimeiona. Enzi zetu tulijua kungoja, na tulijivunia. Lakini waridi lile lingeweza kusafiri. Lingefika Mererani limenyauka kidogo, Anandumi angelinywesha maji, na lingeishi.