Rangi Inayoita Radi

Nilipokuwa mtoto kule Waithaka, hakuna aliyethubutu kuvaa nyekundu mvua ikinyesha. Shosho, mamake baba, aliamini radi huona nyekundu kabla haijaona kitu kingine. Wingu likifunga tu, anafunika kioo kwa leso, halafu anatukagua nguo.

Dada yangu Wambui alikuwa na gauni jekundu la kuumiza macho. Shangazi alimnunulia katika maduka ya Westlands kwa sababu Wambui ndiye kifungua mimba, ndiye aliyepewa jina la shosho. Mimi, wa pili, nilipewa jina la nyanya wa upande wa mama, Nyokabi, basi nikaletewa sweta ya rangi ya udongo. "Hiyo haionyeshi uchafu," shangazi akanifariji. Ati kunifariji! Wivu ulinijaa. Shosho alimwita Wambui "mimi mdogo." Mimi aliniita "wewe."

Nikawa naomba mvua, ili Wambui avuliwe lile gauni.

Ikaja, Jumapili moja tulipofika nyumbani kutoka kanisani, na ngurumo za kutikisa mabati.

"Wambui! Toa hiyo nguo, haraka!"

Shosho alimvua mwenyewe, akamfunika shali yake na kumpakata kama mtoto mchanga. Nikabaki nimesimama na sweta yangu, salama salimini. Hakuna aliyeniangalia. Hapo ndipo nilipoumia kweli. Nilimwonea dada yangu wivu hata kwa radi.

Gauni lilikuwa limetupwa kitini. Nikalivaa nyuma mbele, nikaenda nikasimama mlangoni.

"Nyokabi! Nyokabi, woi!"

Shosho alimwacha Wambui, akanivuta mkono, akanipiga kofi la mgongoni, kisha akanikumbatia kwa nguvu. Alikuwa analia. "Unataka nimzike nani, wewe mtoto?"

"Shosho, unanifinya."

"Nyamaza," akasema, akazidi kunifinya mpaka mvua ikakatika. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Leo kabati langu limejaa nyekundu. Wenzangu ofisini wanasema napenda kuonekana, na hawajakosea. Siamini tena kwamba radi ina macho, na shosho tulishamzika. Lakini mvua ikinikuta njiani Westlands nikiwa na koti jekundu, mimi hupunguza mwendo, nikisubiri mtu anifokee nilivue. Watu hunipita mbio. Hakuna anayeniogopea.