Banjo ya Severin na Fidla ya Southall

Severin Rwegasira alinunua banjo kwa sababu mvua ilikuwa inanyesha. Ndivyo alivyojibu kila alipoulizwa, ingawa hakuulizwa mara nyingi. Aliingia kwenye duka la mitumba kule Hayes, magharibi mwa London, ili asilowe, akaikuta imeegemezwa kati ya pasi na mabegi ya shule, ya nyuzi tano, ngozi yake imekuwa rangi ya chai. Kwao Karagwe alikuwa akipiga gitaa kwenye kwaya ya parokia. Akadhani banjo haitamsumbua.

Ilimsumbua. Wakati huo alikuwa ameachana na mkewe, na binti yao Tatiana alibaki na mama yake Thamesmead, upande wa pili kabisa wa London. Yeye alipanga chumba katika nyumba ya watu waliojuana kwa milango tu. Kazini, kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, alivaa viziba masikio tangu anaingia hadi anatoka. Akirudi alikaa kitandani na banjo, akitazama kwenye simu video za wazee wa Kimarekani waliokuwa wakipiga tuni za kale, zile zilizochezewa dansi vijijini kwao kabla ya redio. Mtindo wao unaitwa klohama. Vidole vinakunjwa kama makucha, ukucha wa kidole cha shahada unashuka kuugonga uzi, na kidole gumba kinaangukia ule uzi mfupi wa tano, unaolia juu peke yake. Gitaa lilikuwa limemzoeza kuvuta nyuzi kwenda juu. Ilimchukua majira yote ya baridi kuusahaulisha mkono. Jirani alipogonga ukuta, Severin alichomeka soksi nyuma ya ngozi ya banjo, sauti ikafifia, akaendelea.

Alimtumia Tatiana kipande. Binti akajibu kwa Kiingereza kwamba ni nzuri, ila haina maneno.

Kulikuwa na baa huko Ealing ambako wapigaji wa tuni hizo walikutana Jumapili mchana, kwenye chumba cha juu. Severin akaenda, wakamsogezea kiti. Walikaa duara wakitazamana mikono. Tuni moja ilizungushwa tena na tena hadi aliyeianzisha aliponyanyua mguu, ndipo wote wakajua kwamba huo ni mzunguko wa mwisho. Kisha walikaza nyuzi, mtu akataja tuni nyingine, wakaanza. Walikuwa watu wema. Lakini mwaka ulipita akijua nani hupenda tuni nzito na nani hupotea katikati, bila kujua nani ana mke wala nani anaishi wapi. Wao pia hawakujua lolote lake. Aliugua homa ya mapafu akakosa Jumapili kadhaa, na aliporudi, Eddie, aliyekuwa akiongoza, alimwambia tu, "Tuko kwenye ufunguo wa G," akamwonyesha kiti kilichokuwa wazi.

Kando ya kiti hicho alikaa mama mmoja wa Kihindi mwenye fidla, mgeni kwake. Severin alipokuwa anakaa, shingo ya banjo ikamgonga mama huyo kiwikoni, na neno likamtoka Severin kabla hajalitafsiri.

"Samahani, mama."

"Si kitu," akasema yule mama, halafu akageuka taratibu. "Wewe mtu wa wapi?"

"Karagwe, kule Bukoba, Tanzania."

"Mimi Kisumu. Minal."

"Shikamoo, mama Minal."

Akatabasamu. "Hiyo ninyi wa Tanzania ndio mnaijua. Haya, marahaba."

Minal alikuwa mjane. Yeye na mumewe, Chandrakant, walikuwa na duka la vitambaa Southall. Fidla alifundishwa na mwalimu wa Kimarekani, shule ya wasichana Kisumu, na baada ya kuolewa ilikaa juu ya kabati miaka yote kwa sababu mume alisema inamuumiza kichwa. "Alipofariki niliishusha kabla mwezi haujaisha," alimwambia Severin, wala hakuona haya.

Ikawa Jumapili wanapiga nyumbani kwake, jikoni, karibu na sahani ya mihogo ya kukaanga, ile ambayo Wahindi wa Southall huiita mogo. Hapo ndipo Severin alipotambua kwamba kile alichokuwa akipiga chumbani mwake muda wote ule kilikuwa nusu. Fidla ilikwenda mbele na tuni, banjo ikatembea chini yake, na mara nyingine hakuweza kusema ni nani kati yao aliyetoa sauti ipi. Minal alimfundisha tuni ya mwalimu wake wa Kisumu, moja ambayo hakuna aliyeijua kule baa.

"Inaitwaje?"

"Mwalimu alikuwa na jina lake. Mimi nilikuwa mtoto, nilikuwa natazama vidole."

Majira ya kuchipua, Minal alimimina chai akasema, bila kukaa, "Dhiren ananichukua Canada. Anasema hizi ngazi zitaniua."

Dhiren alikuwa mwanawe. Severin aliuliza lini, akaambiwa, akasema ni vizuri kukaa na watoto. Kisha wakapiga, na siku hiyo hakuna aliyenyanyua mguu mpaka chai ikapoa kabisa.

Siku ya safari Severin alikuwa zamu ghalani. Ndege zilipita juu ya paa kama kawaida, naye hakujua ipi ni ya Minal.

Walijaribu kupiga pamoja kwa simu. Haikuwezekana, kwani sauti ilichelewa njiani, na kila mmoja alimsikia mwenzake yuko nyuma. Njia pekee ilikuwa Severin azime maikrofoni yake, Minal apige, naye amfuate huku. Kwa Severin tuni ilikuwa kamili. Kwa Minal ilikuwa fidla peke yake ndani ya chumba cha wageni.

"Ulikuwa unapiga kweli?" aliuliza Minal.

"Nilikuwa napiga, mama."

"Mimi nilikuona mkono tu."

Baadaye simu zikapungua. Vidole vya Minal vilikuwa vinavimba kwa baridi ya kule.

Severin alirudi Ealing. Zamu ya kuchagua ilipomfikia, alipiga ile tuni isiyo na jina, peke yake kwanza, kwa kuwa hakuna aliyeijua. Walimwomba airudie polepole, Eddie akairekodi. Wakamuuliza ni ya nani.

"Ya rafiki yangu," alisema, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Jumapili iliyofuata alikuwa kazini. Wakati wa mapumziko alivua viziba masikio akakuta Eddie amemtumia rekodi: duara zima wanaipiga, fidla tatu na banjo ya mtu mwingine. Aliisikiliza amesimama kati ya maboksi, akaisikiliza tena, kisha akamtumia Minal.

Jibu lilikuja kesho yake. "Wanaharakisha," aliandika Minal. "Lakini ndiyo yenyewe."