Vipande Kumi na Tisa vya Ras Mkumbi

Nyumba yetu ilinukia kafuri hata katika wiki ambazo hakufa mtu. Bibi yangu, Bi Fatuma, alikuwa mwosha maiti wa wanawake, na harufu hiyo ilimganda kwenye kanga, kwenye mkeka, mpaka kwenye wali. Mgeni alikula kidogo, nasi tukafaidi ukoko. Kazi yake ilikuwa na sharti moja asilolipunguza hata kwa kubembelezwa: maiti hazikwi nusu. Unywele uliobaki kwenye kitana nao huingia sandani.

Mwaka ule redio ilitangaza kwamba chombo cha anga kimesambaratika kikirejea duniani, na ndani mlikuwa na watu saba. Hazikupita wiki nyingi, maji yakatupa bamba kubwa jeupe pwani ya Ras Mkumbi, chini ya mnara wa taa. Lilikuwa jepesi ajabu, ndani lina vijitundu kama sega la nyuki, na vipande vya kitambaa cha rangi ya fedha vimeling'ang'ania. Wanaume waliona paa la banda la kuku. Bibi aliona nguo za marehemu.

"Asiyekuwepo na lake halipo, Bi Fatuma," alisema Maalim wa msikiti wetu, Bibi alipomwomba aziswalie na kuzizika. "Maiti mwenyewe yuko wapi?"

"Ningekuwa naye ningekubembeleza wewe? Hata kwao wana mama zao, Maalim."

Maalim hakuswalisha, ila kaburi hakulizuia. Bibi akaviosha vile vipande kwa maji ya majani ya mkunazi, akavitandaza mkekani, akaniita. Nilikuwa na miaka kumi, na sifa yangu kijijini ilikuwa moja: sipunjiki.

"Haya, mke mwenzangu, hesabu. Ndivyo vyote?"

Nikahesabu kumi na tisa. Nikarudia: kumi na tisa. Cha ishirini kilikuwa kwenye pindo la kanga yangu, chepesi kuliko usufi. Nilishapatana na binti wa jirani, anipe mafungu mawili ya ubuyu.

"Vyote, Bibi."

Kesho yake binti yule alikishona kwenye tiara lake. Likang'aa juu ya minazi, uzi ukakatika, likaelekea baharini. Ubuyu niliutema.

Tangu hapo, kila Ijumaa Bibi alilifagia lile kaburi dogo, akinong'ona, "Kama kuna kilichobaki, mtusamehe." Hakunitazama hata mara moja, na hilo ndilo lililonitisha. Mpaka leo kitu kikimetameta juu ya minazi, hutazama chini.

Siku hizi wanangu hutazama roketi kwenye simu, dukani kwangu Kilindoni: inapaa, inarudi, inasimama wima kama iliyotumwa chumvi tu. Mwalimu wao alinieleza kwamba bamba lile bila shaka lilikuwa kifuniko cha roketi ya setilaiti. Humo hakai mtu. Wakati huo Bibi alikuwa hai bado. Nikapima: nimwambie kaburi ni tupu, au nimwambie halikutimia? Kila nilivyopatana na nafsi yangu, hasara ilimwangukia yeye. Nikanyamaza, akafariki mwaka jana.

Ijumaa iliyopita nilifagia mimi. Najua hakuna mtu chini pale. Hilo nimelihesabu mara mbili. Hata hivyo nilichuchumaa, nikasema kwa sauti, "Kilibaki kimoja. Nilikiuza." Maisha yangu yote nimeishi kwa kubishiwa bei. Pale nilingoja, nikangoja, na hakuna aliyenibishia.