Sponji ya Upande wa Ukutani

Vumbi la Ruangwa halibishi hodi. Mwaka 2008 lilishaingia kwenye laptop ya Mwalimu Modestus, aliyehamishiwa huku kutoka Bukoba, na laptop hiyo ndiyo iliyokuwa familia yake nzima hapa. Akaipeleka kwa Mwanasha, fundi cherehani wa sokoni, aishonee mfuko.

"Chagua kitenge, mwalimu. Hiki cha maua?"

"Wanafunzi watasema naenda ngomani."

"Basi hiki cha bluu. Ila bila sponji ndani, ikianguka ni msiba. Kata kipande cha godoro lako. Lile la futi sita, soko zima tuliliona likipita! Kwani wifi anakuja lini?"

"Anakuja," Modestus alijibu, kama alivyojibu mwaka jana na juzi.

Jioni alisimama na kisu mbele ya godoro. Upande wake ulishabonyea kama sufuria. Upande wa ukutani, aliomwekea mkewe Scola, ulikuwa umejaa vilevile kama ulivyotoka dukani. Alisita sana, kisha akakata hapo.

Kesho yake Mwanasha aliibonyeza ile sponji.

"Mbona mpya hivi?"

"Haijalaliwa."

Habari za wifi hakuziuliza tena. Alishona.