Tonge la Pili

Mume wangu aliacha kula chakula changu mwaka wa pili tangu tuhamie Langley Park, Maryland, na mimi, kwa jinsi nilivyo, sikungoja kuambiwa kwamba kuna mwanamke. Nilijua. Mwanaume wa Kipare anayesukuma sahani ya makande na kusema ameshiba, hakushiba hewa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Yeye alikuwa akipokea magari kwenye maegesho yaliyo chini ya jengo la ofisi, katikati ya jiji la Washington. Wenzake wote walikuwa Wahabeshi, na msimamizi wao alikuwa mama mmoja wa Kihabeshi ambaye sikuwahi kumwona. Mchana waliketi ndani ya kibanda cha tiketi, wakafunua sinia la injera, ule mkate wao mpana wenye uchachu, mboga zimemwagwa juu yake, wakala pamoja kwa mkono. Mwanzoni nilifurahi. Nilisema afadhali anakula na watu, si kama mimi niliyekuwa nalisha wazee wa Kimarekani kwa kijiko kutwa nzima, kisha nikala ndizi yangu nimesimama jikoni kwao.

Furaha ile haikudumu. Akirudi nilimpokea koti, nikanusa mkono wa shati lake. Siagi, pilipili, na kiungo kingine nisichokijua jina. "Leo nimeshiba, mama," anasema. Kesho yake hivyo hivyo. Nafunika sufuria, nakaa naitazama.

Na ugali wenyewe ulikuwa umenitoa jasho. Unga wa kwanza niliununua duka la Wasalvador lililokuwa mbele ya ghorofa letu. Kumbe wao huchemsha mahindi kwa chokaa kabla ya kuyasaga. Ugali wake ulinukia vingine, ukanata mkononi, ukakataa kabisa kuwa ugali. Nilizunguka maduka mpaka nikapata unga mweupe unaokubali mwiko. Dagaa niliagiza kwa mtu aliyekuwa anatoka nyumbani, akawazungushia nguo ndani ya sanduku lake. Mtu akikuhangaikia namna hiyo halafu ukamwambia umeshiba, umemtukana.

Jirani yangu mmoja, Mkenya aliyekuwa muuguzi msaidizi, tulikuwa tukisubiri naye basi asubuhi. Nilimweleza. Hakunipa pole.

"Weh! Huyo amepata mahali ya kukula," alisema. "Si umuulize tu direct?"

"Nikimuuliza atakataa."

"Basi enda job yake ujionee. Mimi ningekuwa nishaenda kitambo."

Sikwenda. Nilikuwa na kiburi changu, na pia niliogopa kumkuta huyo mama msimamizi akiwa mzuri.

Kilichonivunja moyo kabisa kilikuja baada ya Kwaresima. Sisi ni Walutheri, na mume wangu hakuwahi kufunga hata siku moja. Ijumaa Kuu yenyewe alikuwa akiulizia supu. Mwaka ule Pasaka yetu ikapita, nikapika mbuzi, naye akaitazama nyama kisha akaniambia kwa upole kwamba kazini bado wamefunga. Pasaka ya Wahabeshi ilikuwa mbele. Hawagusi nyama, maziwa wala siagi mpaka ifike, na yeye aliona vibaya kula peke yake.

"Kula peke yako?" nilimuuliza. "Na mimi hapa ni nani? Kabati?"

Alikula wali na maharage matupu, na mimi nikala mbuzi kwa hasira mpaka tumbo likaniuma. Kwa Kristo hakufunga. Kwa yule mama amefunga. Niliwaza hivyo siku nzima nikiwa kazini, kijiko mkononi, mzee wa watu ananingoja amefungua mdomo.

Pasaka yao ilipofika tukaalikwa. Ndugu wa yule mama alikuwa na mkahawa mdogo huko Shaw, mtaa wa Washington, karibu na chuo kikuu, na siku ile waliufunga kwa wateja ili wafungue mfungo pamoja. Nilivaa kitenge changu kizuri kuliko vyote na viatu vilivyonibana. Njia nzima nilikuwa nimejitayarishia mama mnene wa makamo. Aliyetupokea mlangoni alikuwa wa rika langu, shingo ndefu, gauni jeupe lenye pindo la rangi, na alipocheka alicheka na macho. Nikasikia wivu ukinipanda hata kabla hajaniambia karibu.

Tuliketi kuzunguka sinia moja: mimi, mume wangu, yule mama, mumewe na ndugu wengine. Katikati kulikuwa na mchuzi mwekundu wa kuku wenye mayai mazima. Nikanawa, nikaanza kula kwa adabu upande wangu. Ndipo yule mama akakata kipande cha injera, akakikunja na nyama ndani, akanyoosha mkono juu ya sinia mpaka mdomoni kwa mume wangu. Naye akafungua mdomo. Hakushtuka, hakunitazama, hakusitasita. Alifungua kama mtu aliyezoea, akatafuna, akashukuru kwa lugha yao.

Kwetu mtu mzima halishwi. Analishwa mtoto, analishwa mgonjwa, na wanalishana bwana na bibi harusi mbele ya ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchomwa, mara moja, watu wanapiga vigelegele. Siku yetu mume wangu alinigonga jino kwa kidole, kipande cha mbuzi kikatelezea shavuni na mafuta yakachuruzika mpaka kwenye gauni. Doa lile halikutoka. Tangu siku hiyo hakunilisha tena, wala mimi sikumlisha. Na sasa mwanamke mwingine anamlisha mbele yangu, na mumewe mwenyewe anacheka huku akipangusa mchuzi!

Kisha mkono ule ukanigeukia mimi. Tonge kubwa, mchuzi unameta. Meza nzima ikangoja. Nilitamani kufunga mdomo, lakini nilikuwa mgeni wao, nikaufungua, na nakiri kwamba meno yangu yaligusa vidole vyake zaidi ya ilivyo lazima, na haikuwa bahati mbaya. Hakuvitoa haraka. Alitengeneza jingine, akanieleza kwa Kiingereza kwamba moja halitoshi, lazima lirudiwe, la sivyo ni kama hukulisha. La pili nikalipokea bila kuuma. Lilikuwa tamu, na hilo nalo likaniudhi.

Wakaanza kupiga makofi wakitaka na mimi nimlishe mtu. Nikakunja tonge, nikalipeleka kwa mume wangu.

Akarudisha kichwa nyuma. "Aa, mama, acha bwana. Watu wanatutazama."

"Watu walewale waliokuwa wanakutazama sasa hivi?"

Akainamisha uso. Nikalila mwenyewe.

Ndani ya gari nilimmwagia yote yaliyokuwa moyoni. Akasema ile ni desturi yao, ni heshima tu, analishwa na kila mtu pale kazini, hata na yule mzee anayefagia.

"Na mbona kwangu umekataa?"

Aliendesha mpaka tukaingia Maryland. "Wewe ni mke wangu," alisema. "Kwako naona haya." Kisha, alipoona sijatulia, akaongeza, "Na wewe je? Wale wazee wako unawalisha kila siku, nimesema neno?"

"Wale nawalisha kwa kijiko!"



Kesho yake jioni nilisonga ugali, nikapika dagaa kwa nyanya, ndimu na pilipili. Sikupika kwa mapenzi. Nilipika nione kama atathubutu kusema ameshiba. Alinawa, akavuta kiti, akakileta upande wangu badala ya kukaa mbele yangu kama siku zote. Akamega ugali, akaufinyanga polepole, akabonyeza kwa kidole gumba, akachota dagaa na mchuzi wake, akaniinulia.

"Fungua," alisema, na masikio yake yalikuwa yamemwiva kwa haya.

Nikafungua. Tonge likaingia lote kwa mara moja. Halikunigonga jino, halikunipaka shavu, hata tone halikuanguka. Alilisukuma kidogo kwa kidole gumba akatoa mkono mapema, vile vile kama yule mama. Huu haukuwa mkono ulionichafulia gauni. Ulikuwa umefundishwa, umefanya mazoezi kwenye midomo ya watu mchana baada ya mchana, mle kibandani, wakati mimi nafunika sufuria.

Nikatafuna. Machozi yalinijaa, nikasingizia pilipili. Alikuwa akinitazama, vidole vimelowa mchuzi, anangoja. Lile la kwanza lilikuwa la kwao, wao ndio waliomfundisha. Nikameza, nikafungua mdomo tena, maana la pili nililitaka liwe langu.