Kaburi la Mtu Asiye na Ukoo

Mchungaji wetu wa Kilutheri alikufa asubuhi, na jua likapita utosini bila mwanaume hata mmoja wa Kashikishi, kijiji chetu cha ziwani kinachotazamana na Zaire, kushika jembe la kumchimbia kaburi. Ilikuwa miaka ya sabini. Hata leo nikikumbuka, damu inanichemka.

Alikuwa Mtanzania, mtu wa milimani, aliyehamia kwetu na baiskeli na sanduku la vitabu. Kiswahili chake kilituchekesha sokoni. Alimwambia muuza samaki “tafadhali” na “samahani” mpaka muuzaji mwenyewe akaona haya. Tulimcheka, lakini shida ikija tulimtuma yeye. Mtu akizama ziwani, ni yeye aliyeingia mtumbwini kumtafuta.

Kwetu kaburi huchimbwa na watani, yaani watu wa ukoo unaotaniana na ukoo wa marehemu. Ni desturi nzuri, siikatai. Siku ile wanaume waliifanya kichaka cha kujifichia. Walikaa kwenye kivuli cha kanisa wakivuta sigara, na mume wangu, mzee wa kanisa, katikati yao.

“Ule hana na mukowa,” akaniambia, maana yake hana ukoo. “Mutani wake ni nani? Tungojee bantu ya kwabo.”

“Bantu ya kwabo iko mbali. Jua iko hapa,” nikasema, maana watu wa kwao walikuwa huko milimani, safari ya siku nyingi.

“Njo desturi, mama.”

Walipokula ugali nyumbani kwa marehemu hawakuuliza ukoo wake. Nilikasirika. Nikaenda nyumbani, nikarudi na jembe.

Mimi niliolewa kutoka Zaire, ng'ambo ya ziwa; ni wa ukoo wa Samaki, na watani wetu ni watu wa Mamba. Nikasema wote wasikie: “Pasteri alikuwa Mamba. Alikula samaki yangu miaka yote. Nitamuchimbia mi.”

Kisha nikamtukana maiti, maana mtani asiyetukana hajazika. Nikamwita mlafi, miguu ya kuku, mwimbaji wa kufukuza mvua. Watu wakacheka, na baada ya kucheka wakashindwa kuendelea kukaa. Wakainuka mmoja mmoja kwenda kutafuta majembe.

Mume wangu alikuja wa mwisho, akanyoosha mkono nimpe la kwangu. Nilikataa.

“Kaburi ya mutoto yetu, alichimba Pasteri,” nikamwambia. “Weye ulikuwa unangojea bantu ya kwetu ivuke kutoka Zaire.”

Alipiga magoti, akaanza kutoa udongo kwa mikono.