Kwenda Kisiwani Kuomba Jina

Mume wangu, Mwalimu Byabato, alistaafu kufundisha zamani, lakini kidole chake cha shahada hakijastaafu. Bado kinasahihisha dunia nzima. Utamkuta kibanjani anamkosoa kijana anayepunguza majani ya migomba, utamkuta msibani anamkosoa msoma wasifu wa marehemu. Nimemzoea. Ni mtu wa haki, mchapakazi, na mali ya kanisa haipotei mikononi mwake. Ila jamani, akishaamini jambo humtoi. Umletee ushahidi kwenye sahani, atakuuliza kwanza hiyo sahani ni ya nani.

Lililomwumbua ni jina la tovuti ya usharika wetu. Nacheka nikisema hivi, lakini siku zile sikucheka hata kidogo.

Aliyeanzisha tovuti ni Mchungaji Mwijage, alipoletwa kwetu huku upande wa Kanazi. Alikuwa kijana mwenye mikono myepesi kwenye kompyuta. Akaweka ratiba za ibada, picha za kwaya, matangazo ya misiba, na watoto wetu walioko Dar na Mwanza wakawa wanajua nani kafariki kabla hata ya kupigiwa simu. Kumbe jina la tovuti hununuliwa kwa kampuni ya usajili, na kila mwaka hulipiwa upya. Mchungaji aliangalia kampuni ya hapa nchini, akakuta inataka barua na mihuri. Akaangalia ya nje, hiyo ikataka kadi ya benki tu. Usharika haukuwa na kadi. Akatumia ya kwake, akatangaza kanisani kwamba ametumia ya kwake, mambo yakaisha.

Kwa watu wengine yaliisha. Kwa Byabato ndipo yalianza. Marehemu baba yake alipokonywa kipande cha kibanja na ndugu aliyewahi kwenda kuandikisha jina lake, na tangu utotoni mume wangu anajua kwamba aliyeandikwa kwenye karatasi ndiye mwenye mali. Basi alichosikia kwenye lile tangazo ni neno moja tu: "kadi yangu."

Siku ya mkutano mkuu wa usharika akasimama. Yeye ndiye katibu wa baraza la wazee, kwa hiyo akisimama watu hunyamaza.

"Mchungaji," akasema, "jina la usharika umeliandikisha kama mali yako. Kwetu, mtu akiandikisha kibanja cha wenzake kwa jina lake, anaitwa mwizi."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mchungaji alijaribu kueleza, lakini minong'ono ilikuwa imeshaanza, na minong'ono ya kanisani unaijua, haina breki. Kule nje mama mchungaji, Annastella, akiwa anawapangusa vumbi Elieth na wadogo zake, mtu mmoja akampitia akasema kwa sauti, "Huyo hapo mke wa mwizi." Haukupita muda, dayosisi ikamhamishia Mwijage visiwani, Muleba. Hakuna aliyesema ni kwa sababu gani, na hakuna ambaye hakujua. Hatukuwafanyia sherehe ya kuwaaga. Waliondoka na magodoro yao juu ya lori, nami nilikuwa nyumbani nikijifanya ninamenya ebitoke, ndizi zetu za kupika.

Tovuti ikaendelea kufanya kazi, na hakuna aliyejiuliza nani anailipia. Mwaka huu ukafika: jubilei ya usharika, miaka hamsini. Mwenyekiti wa kamati ni nani? Mwalimu Byabato. Akaagiza vitenge vya akina mama vyenye picha ya kanisa, na jina la tovuti likazunguka pindo lote, kubwa, la rangi ya dhahabu. Lo, alivyojisikia! Akasema kabla ya sherehe atalihamisha lile jina kutoka kampuni ya nje kulileta kampuni ya hapa nchini, "lirudi nyumbani." Hata hotuba alishaiandaa.

Tukaenda wote Bukoba mjini, kwenye ofisi ndogo inayofanya kazi hizo. Binti wa pale, Zuena, alikuwa na adabu na subira, akatueleza taratibu. Jina haling'olewi tu kwenye kampuni moja na kupandwa nyingine. Lazima aliyefungua akaunti alifungulie, kisha aombe namba ya siri ya kuhamishia, na hiyo namba anatumiwa yeye peke yake.

"Na mfanye upesi," akasema. "Muda wake unakaribia kwisha. Likiachwa bila kulipiwa, mtu yeyote duniani anaweza kulichukua, akaweka humo chochote anachotaka."

Nikafikiria akina mama wa usharika mzima, migongoni wamebeba jina ambalo mtu kaweka picha za uchi.

"Lakini huyo mtu aliliandika kwa jina lake," Byabato akasema, kidole juu.

Zuena akatafuta, akageuza kompyuta ituelekee. "Hapana, Mwalimu. Mwenye jina hapa ni usharika. Tangu siku ya kwanza. Huyu Mwijage ni mtu wa kuwasiliana naye tu, ndiye anayelilipia."

Kidole kikashuka taratibu. Nimeishi na mwanaume huyu tangu usichana wangu, sikuwahi kuona uso wake ukimshuka namna ile. Hakubishana wala hakuuliza kompyuta ni ya nani. Aliomba maji ya kunywa, akapewa, akasahau kuyanywa.

Nyumbani akampigia Mchungaji simu. Nikasikia kule, "Bwana Yesu asifiwe!" kwa sauti ya uchangamfu kabisa. Byabato akakata.

"Umekata?" nikamwuliza.

"Mtandao."

"Mtandao gani, na mimi nimemsikia hadi huku jikoni! Byabato, jambo hili halisemwi kwa simu. Ulimtukana ukiwa umesimama mbele yake, utamfuata hukohuko aliko."

Nilidhani atanikaripia. Akauliza tu ni shati gani avae.

Kwenye boti midomo yake ilichezacheza kama ya mtoto anayekariri shairi. Nikajua anafanya mazoezi ya maneno. Kisiwani tulipokelewa na harufu ya dagaa walioanikwa hadi karibu na mlango wa kanisa. Waumini wa pale ni wavuvi na wachuuzi wa samaki, leo wapo, kesho wamefuata samaki kwingine. Kanisa la mabati. Nyumba ya mchungaji nayo ya mabati.

Mwijage alitukimbilia. Akamkumbatia Byabato kwa mikono miwili, "Mwalimu wangu! Karibuni, waitu, karibuni!" Heshima ile ya waitu, kwa mtu aliyemwita mwizi! Akatuletea akamwani, buni zetu kavu za kutafuna, kama wageni wa heri. Byabato akaeleza shida ya jina. Yale maneno ya kwenye boti hayakutoka. Alisema "kamati" na "utaratibu" na "ushirikiano", nami nikawa naangalia miguu yangu kwa soni.

Mchungaji hakutuweka. Alichukua simu yake, akabonyeza hapa na pale, namba ikaja, akaisoma polepole huku Byabato akiandika. Mchungaji akamwomba aisome tena kuhakikisha. Kisha akauliza, "Kwa hiyo baada ya hapa, akaunti yangu haitakuwa na kitu cha usharika?"

"Hapana, Mchungaji. Haitakuhusu tena."

"Basi sawa." Akatabasamu, lakini si sana. "Maana kila mwaka nikililipia, nilikuwa naona kama bado nina mguu kule."

Byabato akafunga kalamu. Sasa, tulikuwa tumepata tulichofuata. Boti ilikuwa inapiga honi. Ningekuwa mimi, sijui, labda ningekimbia. Yeye akaenda nyuma ya nyumba, alikokuwa Annastella. Mama yule alikuwa amemsalimia kwa magoti, kama desturi yetu inavyotaka mwanamke amsalimie mtu mzima, kisha akatoweka na hakurudi kukaa nasi. Nikamfuata mume wangu, nikamkuta amepiga magoti kwenye vumbi, mbele ya mwanamke anayeweza kuwa binti yake. Kwetu mwanaume hafanyi hivyo. Sijawahi kuona.

"Mama, nilisema uongo juu yenu," akasema. "Nisamehe."

Annastella alikuwa na ndizi mkononi, ameimenya nusu. Hakuiweka chini.

"Inuka, Mwalimu," akasema. "Ulituita wezi kanisani, mbele ya watu wote. Hapa nipo mimi na kuku. Kuku hawakutuita wezi."

Byabato akainuka. Njia nzima ya kurudi alishika kile kikaratasi cha namba, nami sikumfariji, kwa sababu mama yule alisema kweli.

Namba ilifanya kazi. Jina likahamia kampuni ya hapa nchini kabla muda haujaisha, Zuena akatupongeza. Jubilei ikafika, kanisa likajaa, akina mama tumeng'aa na vitenge vyetu. Mshereheshaji akamwita mwenyekiti wa kamati aje atangaze habari njema ya tovuti. Watu wakapiga makofi. Mimi nikachomoa simu kwenye mkoba, nikampigia Annastella. Akapokea. Nikamwambia, "Usiongee, sikiliza," nikaiinua juu ya kichwa changu kama mtu anayepiga picha.

Byabato alisimama mbele. Hotuba ilikuwa mfukoni mwa koti, niliiona, hakuigusa.

"Niliwaahidi kwamba jina litarudi nyumbani," akasema. "Halikurudi, kwa sababu halikuwahi kuondoka. Mchungaji Mwijage aliliandika kwa jina la usharika tangu mwanzo, na amelilipia mwenyewe miaka yote, hata tulipomfukuza. Mwizi hakuwepo. Palikuwepo mwongo, na ni mimi."

Akapiga magoti. Hakuna aliyepiga makofi. Bibi mmoja karibu yangu akavuta kitenge kujifunika mdomo. Magoti ya mume wangu yana maumivu, nilijua kabisa anavyoumia, na aibu yake ikanipata na mimi pale nilipokaa, mwili mzima.

Nikaishusha sikioni nione kama Annastella bado yupo. Alikuwepo. Hakuwa anaongea na mimi. Alikuwa anaita, kwa sauti ya mtu anayelia:

"Baba Elieth! Acha hiyo kazi, njoo. Njoo usikie."